Aliyekuja Bila Barua

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, lakini sitajifanya mwingine. Nimefundisha shule ya msingi hapa Lamu miaka mingi, na mtoto akinilalamikia tumbo huwa namtazama machoni kwanza. Kanisani walinichagua kuwa karani kwa sababu hiyo hiyo. Karibu sote pale tumetoka bara: walimu, askari, wauguzi, wauza mitumba. Hakuna anayemjua babu wa mwenzake. Kwa hiyo kuna utaratibu mmoja tumeushikilia kwa meno: mgeni akija kukaa, alete barua kutoka kanisa alikotoka, yenye muhuri, nami niisome mbele ya ushirika. Kabla ya hapo, mkate na kikombe vya Meza ya Bwana vinampita.

Yule fundi alikaa miezi saba bila barua.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji za chanjo katika zahanati za huku na huku. Wiki hii yuko Kiunga, wiki ijayo yuko Chundwa, na Jumapili akiwa mjini utamkuta benchi la mwisho karibu na mlango. Kijana mwembamba, ndevu za kuhesabu, sauti ya chini. Nyimbo zote alizijua bila kitabu. Siku ya Meza, kikombe kikimfikia, alikipokea kwa mikono miwili akampa aliye kando yake, na macho yake yalikifuata mpaka mwisho wa benchi. Nilipomuuliza barua alisema, "Inakuja, Mwalimu." Inakuja kwa miguu? Nikaanza kumfungulia kesi kichwani mwangu. Mara amemtoroka mke, mara amevunja duka la mtu, mara ni zaidi ya hayo, maana huku kwetu mtu asiyejulikana atokako hatuna mchezo naye. Nilitazama hata viatu vyake.

Nilimlalamikia Bi mwenye nyumba wangu pale mtaani Langoni, tukiwa tumeketi tunakuna nazi. Yeye ni Mwislamu, na mambo yetu ya kanisa humchekesha.

"Kwani nyinyi, Mwalimu, hata nyumba ya Mngu mtu hungia kwa barua?"

"Si kuingia, Bi. Ni kushiriki."

"Haya. Na huyo mtu mewakosani?"

Nikasema tu kwamba mtu anayeficha ana lake.

"Basi mwate nalo. Ndia ni yake."

Sikumwacha. Siku moja ya usafi wa kanisa nilimpiga picha akiwa juu ya ngazi, nikijifanya napiga picha ya paa. Mji wa kwao aliwahi kuutaja, na kanisa alilolelewa pia. Nikamtafuta karani wa huko mpaka nikapata namba yake, nikamtumia ile picha na maneno mafupi: je, mnamfahamu ndugu huyu? Chini nikaandika cheo changu, kanisa letu, Lamu. Mimi nikiandika kitu huwa nakiandika kikamilifu.

Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa. "Huyu si ndugu. Ni binti yetu, alibatizwa hapa na aliimba kwaya. Jamaa zake wanamtafuta mwaka wa tatu sasa." Ikafuata picha ya kwaya. Safu ya pili, msichana mwenye kola nyeupe na pengo la jino ambalo nilikuwa nimelitazama miezi saba.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. "Nilijua!" nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Kuhusu yule binti, au yule kijana, sikuwaza lolote mpaka nilipomaliza kufurahi.

Jumatano tulikaa watatu katika chumba cha nyuma ya kanisa: mchungaji, mzee wa kanisa na mimi. Mzee alikuwa amejiandaa. Alisema Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, wala hakuacha nafasi katikati. Akaleta ile amri ya kale inayomkataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Mchungaji, ambaye ni kijana kuliko sisi wote, akaleta habari ya yule towashi, mwanamume aliyehasiwa, aliyekuwa akisafiri kwenye gari lake akisoma kitabu cha nabii, akaona maji njiani na kuuliza kitu gani kinamzuia asibatizwe.

"Towashi alifanywa na watu," mzee akasema. "Huyu amejifanya mwenyewe."

"Bwana mwenyewe alitaja aina zote, hata waliojifanya."

"Hayo ni ya kutooa, Mchungaji. Usiyavute."

"Na nabii aliwaahidi matowashi jina ndani ya nyumba ya Mungu, jina lililo bora kuliko la kuwa na wana na mabinti. Nalo hilo ni la kutooa?"

Niliwasikiliza nikiwashuku wote wawili. Kila mmoja alikuwa amechagua aya zake nyumbani na kuacha zilizomsumbua. Tena mzee huyo huyo, kila Jumamosi utamkuta sokoni amejifunga kikoi cha Kiamu, nguo ambayo kwao bara wanawake wangemzomea kwamba amevaa sketi. Nami suruali ya marehemu mume wangu ndiyo ninayovaa nikipanda boti. Sikulisema hilo. Nilimuuliza tu mchungaji kama towashi alidanganya mtu yeyote kuhusu utowashi wake. Kwangu mimi neno kubwa lilikuwa uongo.

Mchungaji akasema tumuulize mwenyewe.

Fundi alikuja jioni hiyo hiyo na mkoba wake wa vyuma begani. Nilimwekea simu mbele yake, ile picha ya kwaya. Aliivuta karibu akaitazama.

"Ni mimi," akasema. "Barua ningeomba ya nani, Mwalimu? Wangeandika jina la huyu. Nilitaka kwanza mnizoee mimi."

"Umetudanganya," mzee akasema.

"Mungu sijamdanganya, mzee. Yeye alikuwa ananijua hata nilipokuwa kwenye kwaya." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, uliwaambia niko wapi?"

"Nilisaini," nikasema.

Uso wake ulibadilika. Akakunja mkono wa shati la kushoto akatuonyesha mfupa ulioungwa vibaya juu kidogo ya kifundo. Kaka yake mkubwa ndiye aliyeuvunja, siku alipomkuta amevaa suruali na nywele amenyoa. Na alipotoroka, kaka huyo akaapa kwamba atamrudisha nyumbani akiwa amevaa gauni, akiwa hai au maiti. Alisimulia hivyo bila kupandisha sauti. Mzee akatazama sakafu. Mimi nilitamani ile sakafu inimeze.

Tulimwomba angoje nje. Mzee alisema anamhurumia, lakini huruma haibadilishi Maandiko, hivyo hapana. Mchungaji alisema ndiyo: apokelewe kwa ushuhuda wa kinywa chake, Jumapili hiyo hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya Meza. Wakanigeukia mimi. Nilisema ndiyo. Mtu asije akanisifu kwa hilo. Sikuwa nimeelewa Maandiko kuliko nilivyoyaelewa asubuhi, na hadi leo, kila usiku wa Jumatano, ninabishana nayo. Nilisema ndiyo kwa sababu niliona haya.

Mchungaji alipomwambia, kijana alikaa chini kwenye ngazi ya kanisa akafunika uso kwa mikono yote miwili. Kesho yake akaenda Chundwa kutazama friji iliyozima, akaahidi kurudi Jumamosi.

Ijumaa mchana nikapata ujumbe kutoka kwa yule karani wa bara. "Kaka yake binti yuko njiani. Tafadhali mpokeeni vizuri." Nilimpigia fundi mara sita kabla ya mtandao kushika.

"Usirudi," nikamwambia. "Kaka yako anakuja."

Kisha akauliza, "Na Jumapili, Mwalimu?"

Nilimwomba msamaha. Alisema tu, "Haya," akakata, na namba ile haijapatikana tena. Kazini kwake walisema ameomba uhamisho kwa simu, wala hawakuniambia wapi. Walikuwa na haki ya kutoniambia mimi.

Jumapili kaka mtu alikuja kanisani. Mwanamume mrefu, koti limepigwa pasi, mpole wa maneno. Alinisalimia kwa mikono miwili akanishukuru, akaniita mama. Alisema atakaa wiki mbili tatu, mpaka apate alichokuja kutafuta. Kisha akatoa bahasha mfukoni.

Niliisoma barua ile nimesimama mlangoni, mara tatu. Nilitafuta kosa kwa macho yangu yote. Muhuri ulikuwepo. Saini ya mchungaji wa kule ilikuwepo. Tarehe ilikuwa sawa, jina lilikuwa sawa na la kitambulisho. Nilimwonyesha mchungaji wetu, nikamnong'oneza ni nani. Akaisoma, akanirudishia.

"Imetimia," akasema.

Basi nikasimama mbele ya ushirika nikaisoma, kama ilivyo kazi yangu: ndugu yetu mpendwa, Mkristo mwaminifu, mwenye mwenendo mwema, mpokeeni katika Bwana. Watu wakapiga makofi. Aliketi benchi la mbele. Kikombe kilipomfikia, hakuna aliyemuuliza kitu, akanywa.