Shauri la Komandoo katika Ghala la Vitunguu Swaumu

Mwezi wa Julai ukungu hupanda kutoka bonde la Yaeda Chini, ukafika kwetu juu, ukakaa kijijini kama mgeni asiyejua kuaga. Mimi nimezaliwa Kilosa, kwenye joto. Nilipopangiwa kufundisha historia na Kiswahili katika sekondari ya kata hii ya Mbulu, nilikuja na mashuka mepesi na imani nzito. Mashuka yalishindwa juma la kwanza. Imani ilifika salama hadi majira ya filamu.

Majira hayo huanza mahindi yakishavunwa na maharage yakishapigwa, wakati vitunguu swaumu bado vimo ardhini na baridi imewaondolea watu kisingizio cha kukaa nje. Wazee huota moto. Vijana hutafuta ukuta wa kuegemea. Mwaka huo ukuta ulipatikana: mwanamke mmoja wa kijiji alikuwa amekodi ghala tupu la vitunguu, akaligeuza banda la filamu, akaweka mabenchi, televisheni kubwa na spika iliyotetemesha mabati. Kila aliyeingia humo alitoka na koti linalonuka kitunguu swaumu. Hata daftari za wanafunzi wangu zilinieleza nani alikuwa wapi jana.

Mwenye banda hakuwa na mapenzi ya filamu. Alikuwa ameishi Arusha kwa miaka akiuza vitunguu sokoni, watoto akiwa amewaachia bibi yao. Siku moja alikuja kuwasalimu, na binti yake wa mwisho akatoka mlangoni, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, shangazi."

"Nikaitikia marahaba," aliniambia. "Ningesema nini? Ila siku ile ile nikaamua. Banda likisimama, nakaa. Likianguka, narudi Arusha, Mwalimu, sina kingine."

Ghala alipewa kwa masharti. Vitunguu vikianza kung'olewa na banda halijaonekana kuwa na watu, mwenye ghala angelijaza mali yake. Kwa hiyo riziki ya mama huyu, na jina ambalo mtoto angemwita, vilitegemea majira hayo ya ukungu tu.

Kizuizi kilikuwa kimoja. Mwaka uliotangulia, katika banda jingine ambalo sasa halipo, vijana walitazama filamu ya vita, wakatoka na kuunda majeshi mawili kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Walirushiana magunzi ya mahindi. Jeshi lililozidiwa likajikinga nyuma ya ng'ombe wa katekista, na ng'ombe, ambaye hakuwa na upande, alikata kamba na kuonekana kesho yake katika kijiji kingine. Serikali ya kijiji ikaamua kwamba filamu yoyote mpya ya mapigano itazamwe kwanza na kamati, maoni yaandikwe, ndipo wananchi waruhusiwe kuingia.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa mzee anayeamua mashauri ya mipaka ya mashamba, ambaye kijiji kizima kinamwita aako, yaani babu. Wa pili alikuwa nesi wa zahanati, dada wa Tanga aliyevaa ushungi juu na makoti mawili chini. Wa tatu nilikuwa mimi, kwa sababu, mtendaji wa kijiji alisema, nina mwandiko unaosomeka.

Niliupokea uteuzi huo kwa moyo wote. Chuoni nilikuwa mwenyekiti wa klabu ya amani, na niliamini, kama ninavyoamini leo, kwamba mtu aliyezoea kuona watu wakiuawa kwa burudani hujifunza kuuona uhai kuwa kitu chepesi. Niliandika vigezo kwenye karatasi ya manila: utu wa binadamu, uhalali wa nguvu, nafasi ya mwanamke, funzo kwa jamii. Niliitundika kando ya televisheni. Mwenye banda aliisoma yote.

"Na kama filamu ni nzuri tu, Mwalimu?"

"Hilo litaingia kwenye funzo," nilimjibu.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya komandoo mstaafu anayerudi msituni kuwaokoa wenzake. Ilikuwa imetafsiriwa kwa namna inayopendwa huku: mtu mmoja huko Dar es Salaam anaziba sauti za waigizaji wote kwa sauti yake, anasema ya shujaa, ya adui, ya mwanamke anayelia, na katikati anaongeza utani wake. Komandoo aliufikia mlango wa kambi, akamkata mlinzi koo.

"Simamisha hapo," alisema aako.

Mwenye banda akasimamisha. Mlinzi akabaki angani, nusu ya kuanguka.

"Huyu amekosa nini?"

"Aako, huyo ni mlinzi tu," nesi alisema.

"Mlinzi hana kwao? Alipewa nafasi ya kusema?"

"Ni adui, Aako," nilieleza. "Katika masimulizi ya aina hii, adui huwa—"

"Nimekuuliza aina, Mwalimu? Nimeuliza kosa."

Filamu iliendelea, akaisimamisha tena, safari hii kwa sababu ya mtafsiri. Alitaka kujua huyu anayesema juu ya wote ni nani. Nilipomweleza, alikunja blanketi lake na kunitazama kwa huruma.

"Mdomo mmoja unamsemea mlalamikaji na mlalamikiwa? Na ninyi mmekaa mnasikiliza?"

Tangu siku hiyo nilifahamu kwamba mzee wetu hakuwa akitazama filamu. Alikuwa akisikiliza shauri, kwa utaratibu ule ule anaoutumia watu wawili wanapogombea mfereji au mti wa mpakani. Kila upande husema, kila upande huulizwa, na hakuna hukumu mpaka wote wawe wamechoka. Filamu ilipokwisha na komandoo akapanda helikopta, aako alitangaza kwamba upande wa pili haujasikilizwa, na shauri linaahirishwa.

"Hakuna upande wa pili," mwenye banda alisema. "Wamekufa wote."

"Basi haijaisha."

Bahati mbaya, alikuwa sahihi. Kulikuwa na sehemu ya pili. Mwenye banda aliagiza flashi kutoka Haydom kwa basi la asubuhi, na katika sehemu hiyo alitokea ndugu wa yule mkuu wa maadui, amevaa miwani myeusi, akilia juu ya kaburi. Aako alipiga goti lake kwa kofi.

"Sikusema? Si huyu hapa amekuja?"

Nakiri kwamba nami nilisisimka. Usiku ule niliandika uhakiki mrefu uliosema kwamba filamu ina "mwelekeo wa kuutambua ubinadamu wa mpinzani, ingawa mwelekeo huo unakatishwa na bomu." Maana ndugu huyo naye alilipuliwa, na shauri likaahirishwa kusubiri sehemu ya tatu.

Ndipo lilipokuja jambo la mlango. Sisi kamati tulikuwa tukitazama mchana mlango umefungwa, vijana wakichungulia kwenye nyufa za mbao. Aako hakulipenda. Shauri, alisema, halisikilizwi gizani. Yeyote anayetaka kusikia na asikie, ili kesho asije akasema hakusikia. Akaamuru mlango ufunguliwe. Mimi nilimuunga mkono kwa hotuba fupi kuhusu uwazi na ushiriki wa wananchi. Ninaikumbuka hotuba hiyo kila ninapopita pale.

Wananchi walishiriki. Walikuja na mablanketi, na watoto migongoni, na viazi vya kuchoma kwenye jiko la mwenye banda. Katekista alikuja kuona kama kuna ng'ombe. Mtendaji alikuja kukagua usalama, akaukagua kila siku. Hakuna aliyelipa kiingilio, kwa kuwa mahakamani hakulipwi kiingilio. Na kwa kuwa baridi ilikuwa kali na wazee wamekaa, mwenye banda hangeweza kuacha kuwapikia chai. Mkaa ulikuwa wake, sukari ilikuwa yake. Zililetwa filamu nyingine: ya manowari, ya mpiga shabaha, ya mwanamke jasusi anayepigana kwa viatu virefu, ambaye aako alisimamisha shauri lake kwa muda mrefu kuuliza amelelewa na nani. Zote ziliahirishwa. Nami kila Jumamosi nilisoma maoni ya kamati mbele ya ofisi ya kijiji, kwa sauti, na mwishoni nikaandika neno "inasubiri."

Kuna jioni mwenye banda alinisubiri njiani ninapotoka shuleni.

"Mwalimu, wewe ndiye unayeandika. Andika tu 'imepita.'"

"Dada yangu, siwezi kuandika ambacho kamati haijaamua. Ni suala la kanuni."

Alitazama mashamba. Majani ya vitunguu yalikuwa yameanza kuwa ya njano kwenye ncha. Akaniaga vizuri, na harufu ya ghala lake ilikaa kwenye koti langu mpaka nyumbani.

Siku ya sehemu ya tatu ghala lilijaa hadi mlangoni. Filamu ilikuwa haijaanza bado mwenye banda aliposimama mbele ya televisheni, amejifunga khanga kiunoni.

"Aako, shikamoo."

"Marahaba."

"Nami nina shauri."

Kelele zilikatika. Aako hajawahi kukataa shauri la mtu yeyote, akaketi vizuri. "Unamlalamikia nani?"

"Wewe. Na nesi, na Mwalimu, na hawa wote. Mmekaa ndani mwangu tangu ukungu wa kwanza. Mmetazama mali yangu, mmeota moto wangu, mmekunywa chai yangu, na hukumu hamtoi. Huyu komandoo wenu mnamtafutia haki mpaka Haydom. Mimi nasikilizwa na nani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Aako akasema alichopaswa kusema mtu wa utaratibu: kwamba hawezi kukaa kwenye shauri linalomhusu mwenyewe. Akaomba atafutwe mtu ambaye hakuwahi kuketi humu. Watu wakatazamana. Katekista alitazama chini. Mtendaji alianza kueleza tofauti kati ya kuketi na kukagua, lakini kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Katika kijiji kizima alipatikana mmoja, mke wa aako, ambaye majira yote alikataa kuja kwa kuwa, alisema, lazima abaki mtu mwenye akili wa kukamua ng'ombe. Aliitwa. Alikuja na ndoo ya maziwa mkononi, akaamkiwa na ghala zima, akapewa benchi la mbele.

"Umeshitakiwa?" alimuuliza mumewe.

"Nimeshitakiwa."

"Vizuri."

Alisikiliza pande zote mbili, tena bila haraka. Kisha akamgeukia mwenye banda.

"Mlango huu ukifunguliwa kwa watu kulipa, huyu mzee atakuwa anakuja hapa mchana?"

"Akipenda, Bibi."

"Hata siku za baridi kali?"

"Hizo hasa. Kuna jiko."

"Asikae motoni kwangu akiniuliza chumvi iko wapi?"

"Atakaa hapa, Bibi."

"Basi ufunguliwe."

Nilinyoosha mkono. Nilihisi ni wajibu wangu. "Bibi, shikamoo. Kwa heshima zote, upo mgongano wa maslahi, kwa kuwa mwamuzi ananufaika na—"

"Mwalimu, wewe ulikunywa chai?"

"Nilikunywa."

"Kaa chini. Nawe umeshitakiwa."

Alihukumu pia kwamba kila aliyekunywa alete debe la mkaa au kazi ya mikono, na kwamba karatasi yangu ya manila ihamishwe pembeni kwa sababu ilikuwa inazuia watu kuiona televisheni. Nililipa mkaa wangu. Manila niliihamisha mwenyewe.

Siku ya kwanza ya kiingilio mwenye banda alionyesha ile filamu ya kwanza kabisa, ya msituni, kwa kuwa wengi walikuwa hawajawahi kuiona bila kukatwa. Walilipa mlangoni, wakaketi. Aako alibaki nje akiota jua lisilokuwepo. Aliyeshindwa shauri, alisema, hajipeleki mbele. Filamu ilikwenda moja kwa moja. Komandoo alimkata mlinzi koo, akaingia ndani, akaua waliobaki, akapanda helikopta. Hakuna aliyeinuka.

"Imeisha?" kijana mmoja aliuliza. "Mbona fupi hivi?"

"Wamekufa bila kuulizwa hata kitu," mwenzake alisema.

"Rudisha pale kwa mlinzi. Aako aitwe."

Walimwita, wakamleta, wakamwachia benchi la mbele karibu na jiko. Mimi nilikaa nyuma na kalamu yangu. Chini ya utu wa binadamu filamu ile nilikuwa nimeipa alama ya chini, na sikuibadilisha, maana filamu haikuwa imebadilika. Lakini sijawahi kuona popote, hata katika klabu yetu ya amani, watu wazima wakilipa fedha ili mlinzi wa mlangoni asife kabla hajajulikana ni mtoto wa nani.

Vitunguu viling'olewa mwezi uliofuata. Mwenye ghala alikuja kudai nafasi yake, akakuta hakuna pa kusimama, akalipa, akaketi. Mafungu yake yalitundikwa kwenye boriti juu ya vichwa vyetu, na maganda yakawa yanatuangukia kila bomu lilipolia kwenye spika. Maoni yangu naendelea kuyaandika. Mtendaji huyapokea kwa mikono miwili. Mara ya mwisho nilipokwenda, mwenye banda alikuwa nje akipuliza mkaa, moshi umemjaa machoni, na yule binti wa mwisho akatoka mbio akiwa na ganda la kitunguu kwenye nywele.

"Mama! Mama, njoo usimamishe, Aako anataka kuuliza!"