Sufuria Yenye Kutu

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Nimeishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, miaka mingi, na huku usiposhuku utaibiwa hata kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo vitambaa vyangu vilipotoka rangi ya chai ya maziwa badala ya kijivu kizito, sikusema ni bahati mbaya. Nilisema kuna mtu.

Kazi yangu ni kutia mitandio rangi kwa kokwa za parachichi. Naziokota kwenye migahawa, nazikatakata, nazichemsha katika sufuria kuukuu ya chuma niliyonunua Mbarara kwa mke wa mwanajeshi aliyekuwa akihama. Zamani nilitumia rangi ya paketi, lakini maji yake niliyamwaga nyuma ya nyumba na mchicha wangu wote ukafa. Haya ya kokwa nayamwagia migomba, na migomba inastawi.

Kule Mbarara kuna mama mmoja Mwislamu mwenye duka la mitandio. Wateja wake walikuwa wanawashwa shingo na rangi za kiwandani, ndiyo maana alikipenda kile kijivu changu. Lakini naye anashuku kama mimi. Alilowesha leso nyeupe, akaisugua kwenye sampuli yangu, akainusa.

"Mama, niambie ukweli. Mbegu ya ovakedo ndiyo inatoa giza namna hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Haya. Niletee mzigo wote kabla ya Idi, ufanane na huu. Usipofanana, nitajua huu wa kwanza uliutia unga wa rangi wa dukani. Wallahi, hapa usirudi tena."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikamkuta mke wa mwanangu, aliyeolewa juzijuzi tu, binti wa Kivu, Kongo, kama sisi, ameshainjika sufuria na kokwa zinachemka, vile nilivyomfundisha. Nikatumbukiza vitambaa. Kesho yake nikavitoa: chai ya maziwa. Nikarudia na vingine. Chai ya maziwa tena!

Kwanza nilishuku maji ya bomba, kwamba wameyazidisha dawa. Kisha nikamwendea mwenye mgahawa, nikamuuliza kama siku hizi ananunua parachichi za namna nyingine. Alinicheka mbele ya wateja wake. Njiani nikirudi na hasira zangu, wazo likanijia: ile sampuli niliitia rangi kabla huyu binti hajaingia nyumbani kwangu.

Basi nikaanza kumchunguza. Aliamka kabla yangu kila siku. Mimi nikitoka, moto umeshawaka na sufuria imeshajaa kokwa. Halafu vidole vyake. Vilikuwa na wekundu chini ya kucha, na nikivitazama anavificha ndani ya kitenge. Ahaa! Wekundu huo si wa kokwa, nikasema, huo ni unga. Kuna mtu amemtuma aniharibie kazi ili amchukue yule mteja wa Mbarara.

Nikamwambia mwanangu.

"Mama, unamuonea bure," akasema.

"Nyamaza wewe. Umeshalishwa."

Nikamwita binti mwenyewe.

"Tangu ufike hapa kazi yangu imekufa. Unatia nini mu sufuria yangu?"

"Hakuna kitu, mama. Ni maji na kokwa tu."

"Funga vitu vyako. Kesho unarudi kwa baba yako."

Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akaenda kukunja vitenge vyake. Mwenye haki angepiga kelele, nikajiambia, na roho yangu ikatulia.

Asubuhi nikasikia kitu kinakwaruzwa nyuma ya nyumba. Leo nimemkamata! Nikanyata, nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti, begi lake kando, anasugua sufuria yangu kwa mchanga na kipande cha gunia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka.

"Unafanya nini?"

"Sitaki baseme nimekuachia sufuria chafu, mama."

"Umeanza lini kuisugua?"

"Tangu siku ile ulienda Mbarara. Kila asubui. Ilikuwa na kutu mingi. Mama yangu aliniambiaka, mukwe anajulikanaka ku sufuria."

Ni kweli, kwetu ndivyo. Bibi harusi huanika sufuria za mama mkwe nje zing'ae, wapita njia waone. Nilichungulia ndani ya ile yangu nikaiona sura yangu. Mungu wangu! Miaka yote nilidhani rangi ni kokwa, kumbe ilikuwa kokwa na kutu. Na yule binti alikuwa akiiondoa kwa heshima, mpaka mikono ikatoka damu.

Nikakaa chini palepale. Nikamwita mwanangu alete misumari yake iliyoshika kutu kwa mvua, nikaimwaga ndani ya sufuria na kokwa, nikazamisha vile vitambaa vya chai ya maziwa. Vikaanza kuiva giza tukivitazama.

Yule mama wa Mbarara alisugua, akanusa, akachukua mzigo wote, na mpaka leo ananiuliza natia nini. Simwambii.

Lakini begi la binti lilibaki limefungwa, karibu na mlango. Nilimwomba msamaha, akaitikia, ila kila nikimwita alinitazama kwanza usoni kabla ya kuja. Sasa aliyekuwa akishukiwa ni mimi, na iliniuma.

Kisha mama yake akaja kututembelea. Akaona sufuria zote zinang'aa isipokuwa moja. Akamgeukia binti yake.

"Aibu gani hii? Unamuwekea mama mukwe wako kitu kama hiki?"

Akainama kuchota mchanga. Nikamshika mkono.

"Hiyo usiiguse, mama. Mimi ndiye nimemkataza. Wewe umenipa mtoto mwenye adabu kuliko mimi."

Mgeni alipoondoka, nikamwona binti anafungua begi, anatoa vitenge vyake kimoja kimoja na kuvitundika ukutani.