Viatu vya Wavinya, Saizi Arobaini na Tatu

Viola alipofariki mwezi wa pili, viatu vyake vya biashara vilibaki vimepangwa ukutani kwenye nyumba yao ya vyumba viwili huko Gitothua, Ruiru. Mumewe Absalom alimzika nyumbani Vihiga, akakaa na wazee mpaka waombolezaji wakatawanyika, kisha akarudi kazini. Simu ya Viola ya biashara aliikuta juu ya kabati, imezima. Akaichomeka kwenye chaji bila kufikiria. Ilipowaka ilianza kulia, na haikunyamaza.

Viola alikuwa akinunua viatu vya mitumba kwenye soko la Gikomba, akivisafisha, akivipiga picha juu ya shuka nyeupe na kuviweka mtandaoni. Wateja walimwandikia kutoka kila upande wa nchi. Walilipa kwa simu, naye akafunga mizigo na kuipeleka kwenye ofisi ya magari ili isafirishwe. Absalom aliijua kazi hiyo kama mtu anavyoijua kazi ya jirani. Yeye alikuwa kwenye mashine ya kufunga makopo, katika kiwanda kimoja cha vyakula huko Thika, Eneo la Viwanda. Wakikutana jioni, kila mtu alikuwa amechoka kivyake.

Baadhi ya wateja walikuwa wamelipa Viola akiwa tayari hospitalini. Hao ndio walioanza kuandika kwa hasira. Absalom akatafuta viatu vyao, akavifunga, akavipeleka. Hakuwaza kuendeleza duka. Alitaka simu inyamaze tu. Lakini ukimjibu mmoja, mwingine anaona uko hewani.

"Sasa Vio, hii bado iko?"

"Iko."

"Bei ya mwisho?"

"Wewe unataka kutoa ngapi?"

Hivyo ndivyo alivyouza. Mtu akitaja nusu ya bei, alisema sawa. Akiombwa alipie na usafiri, alisema sawa. Mwingine alilalamika kiatu kinabana, akarudishiwa pesa. Mwingine alisema kisigino kimelegea, akarudishiwa pesa. Absalom hakuomba picha, wala hakuomba kiatu kirudi. "Kaa nacho tu," aliandika. Bila shaka habari zikasambaa, maana malalamiko yaliongezeka. Naye aliendelea kurudisha. Mazishini hakulia, na wazee walisema itakuja tu. Haikuja. Alikuwa na ganzi ya mwili mzima, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, lakini ile michomo inayokuja damu ikirudi hakuisikia.

Jentrix, mdogo wake Viola aliyekaa mtaa wa Kiuu, alipita Jumapili moja baada ya kanisa. Akasimama mbele ya ukuta wa viatu.

"Shemeji, zile buti za ngozi za kahawia ziko wapi?"

"Niliuza."

"Ngapi?"

"Mia tano."

"Mia tano! Shem, Vio alizinunua mia saba. Nilikuwa na yeye siku hiyo, alibishana na yule muuzaji mpaka nikaona aibu. Na usafiri?"

"Nililipa mimi."

Jentrix akakaa kitandani. "Kwa hivyo umemlipa mtu avae buti zetu."

"Labda."

Jentrix akainuka, akaosha vyombo vilivyojaa kwenye beseni.

"Umewaambia?" akauliza, akiwa amempa mgongo.

"Nani?"

"Wateja. Kwamba Vio hayuko."

"Hawajauliza," akasema Absalom.

Siku chache baadaye alifunga mizigo miwili mezani. Mmoja ulikuwa wa Thika, kwa mteja anayeitwa Waruguru: viatu vyekundu vya kisigino chembamba, saizi thelathini na saba. Mwingine ulikuwa wa kwenda mji wa Mwingi, kwa mama anayeitwa Wavinya: viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vikubwa, arobaini na tatu. Absalom aliandika majina, akabandika, akapeleka. Bila kujua, majina alikuwa ameyapishanisha.

Mzigo wa Thika ulifika siku hiyohiyo. Waruguru akaandika kwamba ameletewa mashua mbili nyeusi badala ya viatu. Absalom akamrudishia pesa, akamwambia akae navyo. Hakujiuliza vyeusi hivyo vilikuwa vya nani.

Wavinya alichelewa kuchukua wake. Ujumbe wake ulikuja wiki iliyofuata, Absalom akiwa kwenye mapumziko ya kazini. "Viola mwanangu, habari. Nimefungua mzigo. Ni viatu vyekundu vidogo. Kwangu hata vidole haviwezi kuingia. Vyangu viko wapi?"

Absalom akafanya alivyozoea. Akatuma pesa, akaandika: "Pole, nimekurudishia."

Kabla hajamaliza chai, pesa zilikuwa zimerudi. "Sitaki pesa," aliandika Wavinya. "Nataka viatu vyangu."

Akamtumia tena. Zikarudi tena. Pesa hizo zilienda Mwingi na kurudi, zikikatwa ada kila safari, mpaka Absalom akaacha. Ndipo ukaja ujumbe mrefu. Mama huyo alieleza, kana kwamba Viola amesahau, kwamba maisha yake yote amevaa viatu vya wanaume kwa sababu ya mguu wake. Siku ya harusi yake mwenyewe alivaa kandambili. Binti yake anaolewa Jumamosi. Viola ndiye aliyemwahidi kwamba safari hii atavaa kiatu cha kike, akamtafutia tangu mwaka jana mpaka akapata. "Sasa unaniambia pole, nimekurudishia. Kwani nimekukosea nini?"

Absalom alisoma mpaka mwisho. Akaandika: "Viola alifariki. Mimi ni mume wake."

Hakuwa amewahi kuyaandika maneno hayo. Yalikaa pale kwenye kioo cha simu, madogo, na saa ya kutumwa pembeni. Simu ikalia.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Umesema nini?"

"Alifariki, mama. Mwezi wa pili."

Upande wa pili kuku walikuwa wanalia.

"Aliugua?"

"Nimonia. Ilienda haraka."

"Ngai," akasema Wavinya polepole. "Na huyu anayejibu hapa siku hizi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilishangaa. Viola hangeniambia pole na pesa. Angeniuliza mguu. Alinifanya niweke mguu kwenye karatasi nichore, nikampigia picha." Akafukuza kuku. "Pole sana, baba. Nitawaweka kwenye maombi." Kisha akauliza, "Na viatu? Viko wapi?"

Mtu mwingine angeudhika. Lakini tangu mazishi Absalom alikuwa ameulizwa anaendeleaje, kama amekubali, amejipanga vipi, na kila swali lilimkuta hana kitu cha kutoa. Hili lilikuwa na jibu.

"Viko Thika," akasema. "Nitavifuata."

"Jumamosi iko karibu."

"Najua, mama. Vile vyekundu usivitupe. Nirudishie na gari. Makosa yalikuwa yangu, usafiri nitalipa mimi."

Zamu ilipoisha alikwenda Makongeni, mtaa wa hapo Thika, kule Waruguru alikomwelekeza alipompigia. Akamkuta kwenye kibanda cha nguo za mitumba, mwanamke wa makamo mwenye leso kichwani, anakunja sweta. Viatu vya Wavinya vilikuwa vimening'inizwa mbele kabisa, vimepakwa rangi vizuri kuliko Absalom alivyovituma.

"Karibu, baba. Unatafutia mama watoto?"

"Ni mimi nilipiga simu. Nimekuja kwa hizo nyeusi."

"Aa. Kumbe ndio wewe." Akamtazama juu hadi chini. "Mimi najua Viola ni mwanamke."

"Mimi ni mume wake. Hizo nilikutumia kwa makosa. Zina mwenyewe."

"Lakini uliniambia nikae nazo." Waruguru akatoa simu, akamwonyesha. Maneno yalikuwa pale. "Basi nimekaa nazo. Nikazipaka rangi. Ni elfu moja mia tano."

Mkono wa Absalom ulikuwa tayari umeingia mfukoni. Ungetoa pesa hizo kama ulivyotoa nyingine zote. Kisha akasikia mtu anasema, "Hapana," na mtu huyo alikuwa yeye.

"Hapana nini?"

"Hiyo bei si ya hizo viatu. Zimekaa hapa wiki nzima. Nani amejaribu?"

"Wengi sana."

"Zimemtosha nani?"

Waruguru akavitupia viatu jicho.

"Hiyo saizi, hapa Thika, utauzia nani?" Absalom akaendelea. "Mimi niko na mwenye mguu."

"Basi anayezihitaji ni wewe, si mimi," akasema Waruguru, akarudi kwenye sweta zake.

Hapo alikuwa na haki, na Absalom akaona. Akasimama akifikiria. Ilikuwa muda mrefu hajafikiria jambo hatua kwa hatua: hiki hapa, kile kule, nani amepoteza nini.

"Zile nyekundu ulikuwa unazitaka kweli?" akauliza.

"Singelipa kama sizitaki! Dada yangu anabatiza mtoto. Nimeshashona nguo ya kwenda nazo."

"Zinarudi kutoka Mwingi. Nipe hizi leo. Zile zikifika nitakuletea hapa mwenyewe, nusu ya bei."

"Na usafiri?"

"Nafanya kazi hapa chini kwa viwanda. Hakuna usafiri."

"Nusu." Waruguru akamkazia macho. "Na bibi yako atakubali? Huyo ni mgumu wa bei. Mwaka jana nilimsumbua siku mbili, akanipunguzia hamsini."

"Hatakataa," akasema Absalom. Halafu, kwa kuwa alishasema mara moja siku hiyo, akasema tena. "Alifariki."

Waruguru akaacha sweta. "Ngai fafa! Lini?"

Akamweleza, kwa maneno machache. Waruguru aliviteremsha viatu, akavifuta na leso yake mwenyewe, akavifunga kwa gazeti.

"Chukua tu, baba. Na nyekundu zikikuja nitalipa bei yote."

"Nusu," akasema Absalom. "Tumeshakubaliana."

Magari ya Mwingi huanzia palepale Thika na kushika barabara ya Garissa. Absalom aliandika jina la Wavinya na namba yake, akabandika. Akaketi kwenye benchi la ofisi, akabandua, akafungua gazeti, akasoma saizi chini ya soli. Karani wa mizigo alimtazama tu. Absalom akafunga upya, akalipa, akangoja mpaka gari lilipoondoka.

Jumapili Wavinya alituma picha. Haikuonyesha uso wala bibi harusi. Ilikuwa ya miguu miwili mipana, ndani ya viatu vyeusi vilivyojaa vumbi jekundu. Chini aliandika: "Zimetosha. Nimecheza mpaka magoti yamekataa." Absalom aliitazama, akaweka simu chini. Baadaye akaichukua akaitazama tena. Hakuweza kusema alisikia nini. Labda hakusikia kitu, ila alitazama mara mbili.

Vyekundu vilifika na gari, na ndani ya mfuko kulikuwa na ndengu, nyingi, zimefungwa kwa kitambaa. Usafiri mama huyo alikuwa ameshalipa, licha ya makubaliano yao. Absalom akavipeleka Makongeni, Waruguru akavijaribu palepale akishikilia nguzo ya kibanda, akalipa nusu.

Wiki hiyo Jentrix alikuja kulala, wakakaa mezani na simu kati yao, wakaandika tangazo. Absalom alitaka liwe fupi. Likasema kwamba Viola hayuko tena, na kwamba viatu vilivyobaki vitauzwa na familia kwa bei iliyoandikwa. Mtu akitaka pesa zake, kiatu kirudi kwanza. Tukikosea sisi, usafiri ni wetu. Ukikosea wewe, ni wako. Hayo ya mwisho Jentrix aliyakumbuka kwa Viola, neno kwa neno.

Pole zilikuja nyingi kuliko alivyodhani, kutoka Kitale, Voi, Nyahururu, kutoka kwa watu waliomjua mkewe kwa viatu tu. Mmoja wa wale waliolalamikia kisigino alirudisha pesa kimyakimya. Wengine walinyamaza, na Absalom hakuwafuata. Wapya walipoomba nusu ya bei, alisema haiwezekani. Wengi waliondoka. Wachache walirudi wakalipa.

Viatu vidogo viliisha kabla ya mwezi wa sita. Wavinya alikuwa ameshawaambia wenzake wa kwaya, na hao wakawaambia wengine, hivyo oda zilizoendelea kuja zilikuwa za miguu mikubwa: arobaini na mbili, arobaini na nne, wanawake waliochoka kuvaa viatu vya waume zao. Absalom alianza kwenda Gikomba Jumamosi na Jentrix. Hakuwa na jicho la Viola. Mara mbili alinunua vya wanaume bila kujua, Jentrix akamcheka mpaka wauza viatu nao wakacheka. Lakini aliona jambo moja: mwenye mguu mkubwa akipata kiatu kinachomtosha, harudishi.

Kanisani mzee mmoja alimwuliza kama sasa amelia. Akajibu kwamba bado.

Jentrix alipika zile ndengu jioni moja baada ya Gikomba, viatu vikiwa vimeanikwa mlangoni. Alimwuliza kama atabadilisha jina la duka, maana bado lilikuwa la Viola. Absalom akasema ataliacha mpaka mwaka uishe, kisha ataona. Akachota kijiko, akatafuna, akasikia ladha kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Zina chumvi nyingi," akasema.

"Basi kesho upike wewe," akajibu Jentrix, na kumwongezea.