Anwani Isiyomwangusha Injinia

Kwenye ofisi yetu ndogo ya kutuma maombi ya vyuo, hapa Mafiga, mwenye neno la mwisho kuhusu kompyuta ni Abdulmajid. Tunamwita Injinia. Cheo hicho alijipa mwenyewe baada ya semina ya siku chache, na tangu hapo hajawahi kuinama kufuta vumbi.

Kila asubuhi hufungua dirisha jeusi kwenye kompyuta, akaandika ping na anwani ileile, 127.0.0.1. Ping ni kama kubisha hodi: kompyuta inauliza kama mwenzake yupo, na mwenzake akiwepo anaitika. Injinia huitikiwa mara nne, papo hapo. "Mtandao upo!" hutangaza, kisha hudai chai. Maombi ya mtu yakikwama, kosa ni la chuo. Sisi hatujawahi kukosea.

Juzi Mama Theresia aliteremka kutoka Mgeta na binti yake, Upendo, na kiroba cha karoti. Upendo anautaka uuguzi kwa roho yake yote, na maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyohiyo. Mimi Nasra, mchapaji, nilijaza kila kitu nikabofya kutuma. Ukurasa ukagoma. Nikabofya tena, ukagoma.

Injinia akaja na kikombe chake, akapiga ping. Majibu manne.

"Shikamoo mama. Sisi tuko vizuri, chuo ndicho hakijibu. Mjaribu mwakani."

Mwakani! Alivyolitamka ungedhani ni duka la jirani. Upendo machozi yalimlengalenga. Mama yake aliinama kuvuta kiroba kutoka chini ya meza. Binti akainama kumsaidia, akaibuka na ncha ya waya.

"Dada, huu unachomekwa wapi?"

Ulikuwa waya wetu wa mtandao. Aliyefagia asubuhi aliuchomoa akasahau kuurudisha. Hasira zikanipanda. Niliung'ang'ania mkononi, nikamwambia Injinia apige tena. Akapiga, akapata majibu yote manne.

"Sasa anayejibu ni nani?" Mama Theresia akauliza.

Injinia akakuna kidevu. Nikaitafuta ile anwani kwenye simu yangu, nikaisoma kwa sauti: ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Mwalimu wa semina aliiandika ubaoni kama mfano tu. Injinia aliipenda kwa sababu haikuwahi kumwangusha.

"Yaani mwanangu," Mama Theresia akamwambia taratibu, "uko ndani kwako, unajibishia hodi, halafu unajikaribisha?"

Nilichomeka waya, maombi yakaenda. Upendo alinikumbatia mpaka kiti kikalia. Mama yake alituachia karoti, na Injinia, bila haya, akachagua zile nene.

Walipoondoka nilimkumbusha Injinia habari za Lukasi wa Turiani. Alikuja mwaka jana siku ya mwisho kama hawa, akitaka ualimu. Alionyeshwa majibu yaleyale manne, akaambiwa chuo hakijibu, akashukuru sana kwa msaada, akaondoka. Mwaka huu hakurudi. Nasikia anakata miwa.

"Siku ile waya tuliuangalia?" nikamuuliza.

Injinia aliweka karoti mezani. Alinitazama kama mtu anayeonewa.

"Nasra, wewe mwenyewe ulikuwepo," alisema. "Siku ile yalikuja majibu yote manne."