Wimbo wa Kihispania Nilioupeleka Ukweni

Sababu ya safari niitaje mapema: nilikwenda kumrudisha mke wangu. Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika kijijini kwetu Maguu kuchukua kahawa kwa fedha taslimu. Anastazia nilimwahidi mabati. Badala yake nikarudi kutoka Mbinga na redio kaseti. Mvua ya kwanza ilipotunyeshea kitandani, alifunga mzigo akateremka kwao, ziwani. Nani wa kumlaumu?

Redio ilikuja na kanda ya nyimbo za kigeni. Mmoja, wa magitaa na kijana mwenye sauti ya kilio, uliwateka wazee wetu waliokulia misa za zamani. "Hicho Kilatini," walisema. Mimi, mwalimu wa kwaya, nikaafiki. Tuliuimba Jumapili mbili wakati wa komunyo, na Anastazia ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Basi nikajiambia: nikiupiga wimbo huu mtakatifu ukweni, mioyo italainika.

Alfajiri niliondoka Maguu kwa miguu, redio kichwani. Mbinga nikapata lori la mahindi liendalo Mbamba Bay. Kona zile za mteremko, jamani, nilisali sala zote ninazozijua! Mama mmoja juu ya magunia aliniuliza kama nakwenda kuuza redio.

"Nakwenda kuomba msamaha."

"Kwa redio?" akasema, akageuka kutazama ziwa lililoanza kuonekana chini.

Saa nane mchana tulifika. Kabla ya ukweni nilipitia misheni, nikamwomba sista mmoja mgeni anieleze maneno ya wimbo, nisije nikaumbuka nikiulizwa. Alisikiliza, akacheka mpaka akashika meza.

"Mwalimu, hiki ni Kihispania, lugha ya kwetu. Kijana anamwambia msichana kwamba bila yeye hali, halali."

"Na Mungu yuko sehemu gani?"

"Hayumo. Mabusu ndiyo yamo, tena mengi."

Mabusu! Kwenye komunyo! Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni, ukweni. Baba mkwe alinikaribisha mkekani; mama mkwe, kwa heshima ya ukwe, alibaki nyuma ya mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Mke wangu. Nimekuja na wimbo."

"Unasemaje huo wimbo?"

Mabusu utayatajaje mbele ya mkwe? Nikajibu: "Unasema nimekosa, baba. Nyumba inavuja, na mwenye kosa ni mimi."

Anastazia akadakia kutoka jikoni: "Huyo mzungu nyumba yetu kaijulia wapi?"

Nyuma ya mlango mama mkwe akaangua kicheko. Anastazia akatoka, yeye hacheki. "Wimbo sitaki. Msimu ujao kahawa nauza mimi, mabati nanunua mimi. Kubali mbele ya baba."

Nikakubali papo hapo, roho yangu ikawa kwatu.

Kesho yake tulipanda lori pamoja, na kikapu cha usipa, dagaa wa ziwa lao, tuliopewa na mama mkwe. Maguu niliwaambia wanakwaya ukweli. Mzee mmoja alinuna: mbona yeye alikuwa anasali nao vizuri tu? Nilichojifunza ni kwamba mke haombwi radhi kwa kinywa cha mtu mwingine, hata kiwe kitamu namna gani.

Msimu ulipofika, mnunuzi alitundika mizani uani akauliza mwenye kahawa ni nani. Nilimwita Anastazia, kisha nikaenda kubeba magunia.