Ndege Iliyofungashiwa Impamba

Kaka yangu aliileta ndege nyumbani Bukiriro ndani ya boksi refu, imelazwa kwenye siti ya nyuma ya gari la kukodi. Yeye alikaa mbele na dereva, na kila kona alikuwa akigeuka kuiangalia. Mimi nilibanwa kando ya boksi tangu Biharamulo, mguu mmoja umekufa ganzi. Nilimwambia kwamba hata shemeji hakuwahi kusafirishwa kwa heshima ile. Alicheka, ila boksi hakulisogeza.

Ilikuwa ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, ya povu gumu jeupe, yenye injini ya betri. Kaka ni mwalimu wa fizikia, na nyumba yake iko Nyabusozi, upande wa Biharamulo. Kiwanja cha kuirushia angekipata hukohuko, tena tambarare kuliko vya kwetu vya vilimani. Aliileta Bukiriro kwa sababu alitaka mama aione ikiruka.

Mama hakuwa amekwenda kuona kitu chochote cha kaka tangu alipoacha seminari. Hawakugombana. Kaka alikuja nyumbani akasema upadri si wake, mama akamsikiliza mpaka mwisho, akaenda kupalilia migomba. Lakini harusini hakufika, alisema mgongo unauma. Nyumba ya Nyabusozi hajaikanyaga, alisema gari linamtapisha. Kaka akija likizo walisalimiana vizuri, shikamoo mama, marahaba, wakaulizana habari za mvua, basi. Mimi ndiye niliyekuwa nikichukua habari za huyu kumpelekea yule. Ni kazi inayochosha, na mimi si mtu wa subira. Kuna siku nilitamani kuwafungia ndani ya jiko wote wawili mpaka wapatane.

Kuna jambo moja ambalo kaka hakulisahau. Kwetu mtu haondoki mikono mitupu. Anayesafiri hufungashiwa impamba, chakula cha njiani, na impamba ya mama yetu ina taratibu zake. Haiombwi na haitangazwi. Unaaga, unapanda gari, na huko mbele ukifungua begi unakuta kifurushi cha majani ya mgomba kimefungwa kwa kamba ya mgomba, ndani mna karanga au viazi au mahindi ya kuchemsha. Hata mgeni wa siku moja alifungashiwa. Asubuhi kaka alipoondoka baada ya ile habari ya seminari, alifika Biharamulo akalipekua begi mpaka chini, hakukuta kitu. Aliniambia hilo mara moja tu, akiwa ameshaoa na ana watoto, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima.

Jumamosi mchana tuliiandaa ndege juu ya meza ya sebuleni. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kaka alinipa kazi za vidole: kupitisha nyaya za vimota vidogo kwenye matundu na kubana vijiti vya chuma vinavyovuta mkia na mabawa. Yeye aliliondoa pangaboi puani kabla ya kuunganisha betri, akisema ndege isiyo na akili isipewe panga. Kisha alishika rimoti akajaribu kila upande. Akisukuma kijiti kulia, kibawa cha kulia kinainuka na cha kushoto kinashuka. Akikivuta kuja kwake, mkia unajikunja juu. Kimoja kilikwenda kinyume, akakirekebisha, akarudia tena vyote toka mwanzo. Nilimuuliza kama anarusha ndege au anasahihisha mtihani.

Mama alikuwa mlangoni akimenya maharage, ametupa mgongo. Kadiri tulivyoendelea, ungo ulizidi kugeuka, na yeye akageuka nao.

Jambo la mwisho lilikuwa mizani. Kaka aliiinua ndege kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, ikabaki inaelea pua imeinama kidogo. Ikiinama nyuma, alisema, itapanda juu kwa kiherehere halafu itaanguka, na rimoti haitakuwa na la kuifanya. Aliisogeza betri mbele kidogo, akapima tena, akachora mstari kwa kalamu pale betri inapokaa, akafunika kifuniko cha tumboni.

"Inakwenda wapi hiyo?" mama akauliza. Aliuliza kwa Kihangaza, na alimuuliza kaka, si mimi.

"Haiendi mbali, mama. Itazunguka juu ya kiwanja cha shule na kurudi."

"Kuzunguka ni safari." Akaja na ungo wake mpaka mezani. "Hapa panafunguliwaje?"

Kaka akamwonyesha kifuniko, jinsi ya kukibana kwa kidole gumba na kukivuta. Akamwonyesha betri na nyaya, akamwambia kwamba nyaya hizo ndizo mishipa yake, zikibanwa ndege imekufa. Mama akatikisa kichwa, akasema kumbe ni kitu kinachotaka uangalifu. Walizungumza muda ambao maharage yangeiva. Niliondoka nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika, nisije nikawaharibia kwa mdomo wangu.

Jumapili misa ilipokwisha, kaka na mimi tuliipeleka ndege kiwanjani. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekubali tangu wiki iliyopita, mradi isielekee upande wa mpaka, na watu wakaja kama wanaotoka kanisani wanavyokuja kwenye jambo lolote. Wazee walianza kukumbushana ndege za misaada zilizokuwa zikipita juu yetu enzi kambi ya Lukole imejaa wakimbizi. Kaka alirudisha pangaboi. Alinituma niende na rimoti mpaka magoli ya mwisho, nikavute vijiti, ili ajue kama ndege inasikia kwa mbali. Ilisikia. Alikuwa ananyoosha mikono aiinue kwa vidole kupima mizani mara ya mwisho, ndipo mama akatokea kwenye njia ya shule.

Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Alitembea katikati ya watu akaja kusimama karibu na kaka, pale mtu anaposimama akiwa na mtoto wake. Kaka akamwangalia, akaangalia jua lilivyokuwa kali, na mgongo wa mama tunaoujua, na mizani ikaachwa. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Ndege ilikuwa imepimwa jana yake, mstari wa kalamu ulikuwepo. Nani angemsimamisha mama huyo juani kwa ajili ya kupima kitu mara mbili?

Ndege ilikimbia kwenye majani mafupi, ikanyanyuka. Watu wakapiga makofi. Mama akasema, "Ee, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa sauti ndogo, na sina hakika kama alimaanisha ndege. Kisha pua ikaenda juu. Kaka akasukuma kijiti mbele, lakini pua ikazidi kwenda juu, mpaka ndege ikasimama hewani kama inayofikiri. Ikaangukia ubavu, karibu na choo cha walimu. Waliokuwa mbali waliendelea kupiga makofi, wakidhani ndivyo inavyotua.

Tulikwenda pale watatu. Bawa moja lilikuwa limevunjika na tumbo limepasuka kuelekea mkiani. Kwenye huo mpasuko kulikuwa na kifurushi kidogo cha majani ya mgomba. Kaka akakitoa, kamba ikakatika, karanga za kukaanga zikamwagika kiganjani mwake. Kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, mbali na nyaya. Mama alikuwa ameikumbuka mishipa, akaweka impamba yake mahali isipoweza kuibana. Angeiweka pale karibu na betri, nadhani ndege ingeruka.

Kaka akatia karanga moja mdomoni, akatafuna. Uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Niliona anakaribia kulia kwa furaha, ndege yake ikiwa vipande miguuni. Mzee mmoja nyuma yetu akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kweli gundi tulikuwa nayo.

Lakini mama alikuwa anaangalia ule mpasuko. "Ni hiyo iliyoiangusha?" akauliza.

Ningekuwa mimi ningesema ni upepo. Kaka hajui kudanganya, ndiyo sababu hata seminari ilimshinda. Alimeza kwanza. "Uzito ulikuwa nyuma, mama. Lakini imevunjika kidogo tu. Inatengenezeka."

Mama akaokota karanga zilizoanguka kwenye majani, moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge.

"Siku ile uliondoka bila kitu, ukafika salama," akasema. "Leo nimefungasha, imeanguka."

Kaka akaanza kumweleza. Alimweleza pale kiwanjani, akamweleza njiani, akamweleza jioni, mambo ya mizani na pua na mkia, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba kosa ni la kifurushi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza zamani, akatoka nje kwenda kuangalia kuku.

Tangu hapo mama hafungashi tena. Si kaka tu, hata mimi hanifungashii. Naaga, ananisindikiza mpaka barabarani, mikono ameifumbata nyuma, anasema nenda salama. Nimejaribu kulizungumza nikashindwa nianzie wapi, maana impamba haiombwi. Ninasikitika kuliko ninavyoweza kueleza. Walikuwa wameshafika mlangoni, wale wawili, wamebakiza kuingia.

Ndege imeshaungwa. Iko juu ya kabati Nyabusozi na kaka haishiki. Ila kila nikirudi kutoka nyumbani huja kibandani kwangu Biharamulo, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananiacha nimalize mshono, kisha anauliza, "Amekufungashia?"

Safari iliyopita nilifikiria kununua karanga sokoni, nizifunge kwenye majani ya mgomba nimpe niseme zimetoka kwa mama. Nilifika mpaka kwa muuzaji. Lakini kaka analijua fundo la mama.

"Hapana," nikamwambia.

Akasema labda safari ijayo, akachukua madaftari yake ya kusahihisha.