Namba Tatu Kwenye Pipa la Maji

Mume wangu hana cheo klabuni, hana mshahara, hana hata kiti. Ana ngazi. Kila timu yetu inapocheza nyumbani, yeye hupanda ile ngazi na kutundika namba kwenye ubao wa magoli, wenyeji kushoto, wageni kulia. Siku za kazi ni fundi rangi, na zile namba alizipaka mwenyewe kwenye vipande vya mbao nyepesi, vikubwa vya kutosha kuonekana na mtu aliyesahau miwani. Zetu ni za kijani, za wageni nyekundu. Mtaani wanamwita Mzee wa Namba, naye huitika kama waziri.

Ukitaka kuijua klabu yetu usijisumbue na magazeti. Fungua sanduku la namba. Nyekundu zimechubuka kingo, matundu ya misumari yamepanuka, na ile tatu yao imeshapakwa rangi upya mara sijui ngapi. Za kijani zinang'aa kama zimetoka dukani leo asubuhi. Sifuri yetu tu ndiyo imechoka, maskini, maana haijui likizo.

Basi msimu mmoja mfuniko wa pipa langu la maji ulipasuka. Mimi ni mshonaji. Chumba cha mbele nashona, vya nyuma tunaishi, na pipa liko jikoni. Nikaingia kwenye sanduku lake, nikatoa tatu ya kijani, nikaijaribu. Ikalifunika pipa lote na nafasi ikabaki.

"Hiyo ni mali ya klabu," akasema mume wangu.

"Mna mpango wa kuitumia?"

Akaenda zake kuosha brashi. Tatu ikabaki pale pale, na juu yake nikaweka kikombe cha kuchotea.

Kocha wetu tunamwita Profesa, kwa sababu kila kipigo ana somo lake. Tukifungwa mvua ikinyesha, uwanja ulikuwa mzito. Tukifungwa jua likiwaka, uwanja ulikuwa mgumu. Tukifungwa siku ya mawingu matupu, vijana walikosa umakini. Na mwisho wa somo lazima aseme, "Tunajenga timu." Anajenga tangu alipofika, na sisi bado tunautafuta msingi. Mtaa mzima ulishamchoka isipokuwa mume wangu. "Mpeni muda," alikuwa akisema, na mimi nikimtazama hivi, najiuliza ni lini aliwahi kunipa mimi huo muda.

Maana hicho ndicho kilio changu. Tangu nimeolewa, Jumamosi mimi ni mjane. Timu ikicheza nyumbani, mwenzangu yuko kwenye ngazi. Ikicheza ugenini, yuko tawini na mashabiki wenzake, sikio limeganda kwenye redio, kana kwamba asiposikiliza yeye watafungwa zaidi. Mimi nakula na cherehani. Cherehani hainijibu, lakini angalau haidai kwamba inajenga. Sikuwa nataka makubwa. Nilitaka mtu akae upande wa pili wa meza, amwage chai, nimgombeze.

Msimu uliofuata tuliburuza mkia kuanzia mwanzo, tukafika mechi ya mwisho tukihitaji ushindi wa magoli matatu ili tusishuke daraja. Mawili hayatoshi. Hii ni timu ambayo mwaka mzima haikuwahi kupata mawili kwa siku moja, hata ukihesabu na lile lililokataliwa. Ijumaa jioni tukiwa mezani, mume wangu akaweka kijiko chini na kusema, bila mimi kumchokoza:

"Wakishuka kesho, naacha. Narudisha ngazi yao, Jumamosi nakaa nyumbani na wewe."

"Apa."

Akaapa. Nikainamia sahani asinione ninavyofurahi. Mungu anisamehe, kabla ya kulala niliwaombea wageni.

Wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa tawi, ambaye ni muuza nyama, alikuwa ameniletea mashuka mawili niyaunganishe yawe bango. "Shemeji, herufi ziwe kubwa," aliniagiza. "Profesa azisome hata akifumba macho." Nikamshonea: KOCHA ONDOKA, kitambaa cheusi juu ya cheupe, mishono miwili miwili, maana kazi yenyewe niliifanya kwa moyo. Mpango wao ulikuwa kwamba kipindi cha kwanza kikiisha, mashabiki wote watoke nje na bango lao, uwanja ubaki mtupu, Profesa na viongozi waone aibu. Viongozi kuona aibu ni jambo ambalo sisi hapa hatujawahi kulishuhudia, lakini mtu hakatazwi kujaribu.

Wakamtaka na mume wangu atoke.

"Na namba atatundika nani?" akauliza.

"Namba gani, mzee?" mwenyekiti akamwambia. "Sifuri si iko juu tayari?"

Aliumia, nilimwona, lakini hakubadili nia.

Chumba changu cha kushonea kinatazamana na uwanja. Ukuta wa upande wetu uliangushwa na mvua, na kwa kuwa uongozi nao unajenga, pengo limezibwa kwa mabati yanayomzidi mtu kimo. Kwa hiyo nikikaa mlangoni naona ubao wa magoli kule ng'ambo, na mume wangu na ngazi yake. Uwanja wenyewe siuoni, jambo ambalo sijawahi kulijutia.

Jumamosi hiyo kipindi cha kwanza kiliisha sifuri kwa sifuri, na kwetu hayo ni maendeleo. Mashabiki wakatoka kama walivyokubaliana, wakaja kusimama barabarani mbele ya mlango wangu, bango juu, wanaimba matusi yenye vina vizuri sana. Mule ndani walibaki wageni wachache, viongozi wenye viti vya bure, na mume wangu.

Kipindi cha pili hakikwenda mbali, nikamwona anapanda ngazi. Akaiondoa sifuri yetu na kutundika moja ya kijani.

"Mzee kachanganyikiwa," mwenyekiti akacheka. "Kaweka upande usio wake."

Wakacheka wote. Hapakuwa na wa kumuuliza, maana wa kuulizwa wote walikuwa hapo hapo barabarani, na redio siku ile zilikuwa zinatangaza mechi za maana. Wakaendelea kuimba. Baadaye kidogo mume wangu akapanda tena, akatundika mbili ya kijani, akaifuta kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Wimbo ukafa. Mwenyekiti akashusha upande wake wa bango taratibu, kama vile halikuwa lake. Kisha wote wakatimka kwenda getini. Bawabu akawapokea kwa heshima na kuwaambia kwamba aliyetoka harudi. Hiyo ilikuwa amri ya uongozi, na ni amri pekee ya uongozi niliyowahi kuiona ikitekelezwa. Wakarudi kwenye mabati wakiuma vidole, mabingwa wa kususa, wanachungulia kwenye matundu ya misumari wasione kitu ila migongo ya viti.

Mimi mlangoni moyo ulinienda mbio, na sikupenda sababu yake.

Halafu tukaona mume wangu anapanda mara ya tatu. Alifika juu, akageuka kulitazama sanduku lake kule chini, akageuka tena na kutazama upande wetu. Mikono ilikuwa mitupu. Akainua mkono wa kulia na kunyoosha vidole vitatu.

"Anasema zimebaki dakika tatu," akasema mwenyekiti.

"Hapana, anasema wageni wamepata matatu," mwingine akasema, akiwa tayari ameshika kichwa.

Mimi nilijua anasema nini, na nilijua anamwambia nani. Tatu ya wageni ilikuwa sandukuni, lakini mume wangu kutundika nyekundu upande wetu ni kama kumwomba akaoe mke wa jirani. Nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya pipa.

Nilikuwa na hasira, acha niseme. Goli lilishaingia, hata ningeikalia ile mbao lisingetoka. Lakini zile zilikuwa Jumamosi zangu zinaondoka, na mimi ndiye niliyetakiwa nizibebe mpaka kule. Nikasema moyoni, mwache asimame hivyo hivyo, vidole havijamuua mtu. Nikatoka tena mlangoni kumtazama. Bado alikuwa ameinua mkono, kama mwanafunzi wa nyuma ambaye safari hii jibu analijua kweli, na mwalimu hamwoni. Miaka yote hii amepanda na kushuka akitundika magoli ya watu wengine. Siku ya kwanza amepata cha kwake cha kutundika, mimi nimekifanya mfuniko.

Nikakitupa kikombe, nikaibeba tatu kichwani, maji yakinitiririka shingoni.

"Mama, aliyetoka harudi," bawabu akaniambia.

"Mimi sijatoka. Ndiyo kwanza naingia."

Akaitazama mbao, akanipisha. Nikapita mbele ya viti vitupu, Profesa akipiga kelele pembeni ya uwanja kama mtu anayefukuza kuku, mpaka nikafika kwenye ngazi.

"Ahadi yako?" nikamuuliza.

"Nilisema wakishuka," akasema kutoka juu, sauti ndogo.

"Nakumbuka ulichosema. Pokea."

Akainama, akaipokea, akaona alama ya duara ya kikombe changu katikati ya namba. Akaitundika, na kule nje ya mabati, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeona goli hata moja, mtaa ukalipuka. Mume wangu akashika ngazi kwa mikono yote miwili, akalia. Nami nilimshikia ngazi kwa chini, na mimi pia sikuwa nimekauka macho, ingawa nilisingizia maji ya pipa.

Filimbi ya mwisho ikalia tatu kwa sifuri. Profesa akazunguka uwanja akivipungia mkono viti. Goli la kwanza wageni walijifunga. La pili lilikuwa penalti. La tatu, mshambuliaji wetu alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, mpira ukampiga mgongoni, ukaingia. Wageni wenyewe walishachukua ubingwa zamani, wakaleta wachezaji wa akiba na kipa aliyekuwa na haraka ya kwenda likizo. Profesa alipoulizwa kuhusu goli la tatu, alisema walilifanyia mazoezi wiki nzima. Uongozi ukamwongezea mkataba, ili aendelee kujenga.

Jumatatu mwenyekiti akaja dukani na bango lake kwapani, hanitazami usoni.

"Shemeji, lile neno la pili lifumue. Weka TUNAKUPENDA."

"Hamkusema aondoke?"

"Hayo yamepita, shemeji. Tulikuwa tunamtia moyo."

Nikamfumulia. Neno jipya sikulishona, nililitia vifungo vya kubana, na lile la zamani nikalikunja vizuri na kuliweka kwenye mtoto wa meza. Nawajua wateja wangu.

Ligi ilipofunguliwa tena mume wangu alichukua tatu yake, akaisugua alama ya kikombe, ikakataa kutoka, akairudisha sandukuni hivyo hivyo. Halafu akaja jikoni na namba nne ya kijani, akaiweka juu ya pipa mwenyewe.

"Tatu tumeiona," akasema. "Nne, mke wangu, tusidanganyane."

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akiikatia tamaa ile klabu, na iliniuma kuliko Jumamosi zote alizoninyima. Nne tunaifunikia pipa mpaka leo, na juu yake siweki kikombe. Timu ikicheza nyumbani naifuta maji, naisimamisha mlangoni karibu na cherehani, na pipa langu hukaa wazi mpaka filimbi ya mwisho.